Mtoto wa mbunge anataka kiti cha baba yake: tumpime kwa jina au kwa shahada?

"Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mbunge wetu amekaa vipindi vitatu na sasa anastaafu. Kabla hajatangaza rasmi, mwanawe alishaanza kuonekana kwenye kila msiba, kila harusi na kila fainali ya mpira. Ana miaka 31, ana shahada ya uzamili ya uchumi kutoka nje, na ni kijana mwenye adabu. Sina ugomvi naye. Chama kilifanya kura za maoni akapita kwa kishindo. Mmoja wa walioshindwa ni mwanafunzi wangu wa zamani, aliyeanzia udiwani na kuongoza ushirika wa wakulima. Sasa amehamia chama kingine na anagombea huko. Kijiweni tumegawanyika. Wapo wanaosema mtoto wa nyoka ni nyoka, tukatae ufalme. Wapo wanaosema maji hufuata mkondo, mbona mtoto wa daktari akisomea udaktari hakuna anayelalamika? Na yupo anayedai kuna nchi zimepiga marufuku jambo hili kwa sheria. Naomba ukweli. Je, ni haki kumkataa mtu kwa sababu ya mzazi wake? Shahada zake zinatosha? Na sisi wapiga kura tumpime vipi?"

Mwalimu, ndani ya swali lako naona maswali mawili yaliyoshikana. La kwanza ni kama kijana huyu anafaa. La pili ni kama mlango alioingilia ulikuwa wazi kwa wengine. Kijiweni mnabishana juu ya la kwanza, kwa sababu ndilo lenye sura ya mtu wa kumsifu au kumsema. Mimi kazi yangu ni kufuatilia jinsi vyama vinavyoteua wagombea, na kadiri ninavyozidi kufuatilia ndivyo ninavyoamini kwamba la pili ndilo zito. Mtoto wa kiongozi anaweza kuwa hodari kweli na bado njia iliyompitisha ikawa imewanyima wananchi haki yao ya kuchagua. Anaweza pia kuwa mgombea dhaifu aliyepita kwa njia safi kabisa. Ukichanganya mambo haya mawili, utamwonea mmoja na kumwachia mwingine.

Nianze na hao wa mtoto wa nyoka. Hofu yao naielewa, ila methali yenyewe haisimami mbele ya historia. Mwaka 1995, Mwalimu Nyerere alikuwa akizunguka nchi nzima kumnadi Benjamin Mkapa wa CCM. Mwaka huohuo mwanawe Makongoro aligombea ubunge Arusha Mjini kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, chama cha upinzani, na akashinda. Jina la baba lilikuwa kubwa kuliko majina yote nchini, lakini mtoto alisimama upande ambao baba hakuwa akiufanyia kampeni. Nenda Kenya. Raila Odinga aliingia bungeni mwaka 1992 kupitia Lang'ata, jijini Nairobi, mbali na ngome ya nyumbani ya baba yake, Jaramogi. Jaramogi alipofariki mwanzoni mwa 1994, wengi walidhani uongozi wa FORD-Kenya ungemwangukia mwanawe kama urithi. Haukumwangukia. Alishindana na Kijana Wamalwa akashindwa, akaondoka na kwenda kujijenga ndani ya chama kingine. Jina alikuwa nalo, lakini alikuwa pia amepitia kizuizini miaka mingi, na chama cha baba yake hakikumkabidhi kiti.

Hata Uhuru Kenyatta, anayetajwa kila mara mazungumzo haya yanapoanza, ana historia yenye mafunzo kuliko watu wanavyokumbuka. Mwaka 1997 alisimama Gatundu Kusini, eneo la nyumbani kwa baba yake, rais wa kwanza wa taifa. Alishindwa. Mwaka 2001 Rais Moi alimwingiza bungeni kwa uteuzi na kumpa uwaziri, na mwaka 2002 akamsimamisha kama mgombea urais wa KANU. Wakenya walimkataa kwa kura nyingi na kumchagua Mwai Kibaki. Urais aliupata mwaka 2013, miaka 11 baadaye, kwenye uchaguzi alioingia akiwa ameshashindwa hadharani mara mbili. Angalia pia upande wa Moi mwenyewe: mwanawe Gideon alipoteza ubunge wa Baringo ya Kati mwaka 2007, akarudi kama seneta mwaka 2013, kisha akaupoteza useneta mwaka 2022. Jina linafungua mlango. Pale kura zinapohesabiwa kwa haki, halizuii mlango kufungwa.

Sasa niwageukie wa maji hufuata mkondo, maana hoja yao ya daktari ndiyo inayowashawishi watu wengi wenye nia njema. Ni kweli watoto huiga kazi za wazazi. Lakini tazama mtoto wa daktari anapitia wapi. Anafanya mtihani unaosahihishwa na mtu asiyejua baba yake ni nani. Akifeli anatolewa. Na akifaulu, nafasi yake haimzuii mtoto wa jirani kuwa daktari pia, kwa sababu madaktari wanaweza kuwa mia. Jimbo lina mbunge mmoja. Kiti hicho ni mali ya wananchi, na kila anayekikalia amemwacha mwingine nje. Halafu wasahihishaji wa mtihani wa siasa, yaani wajumbe wa chama, viongozi wa matawi na wafadhili wa kampeni, mara nyingi ni watu walewale ambao baba aliwapa nafasi zao. Hapo ndipo mfano wa daktari unapokatika.

Upo utafiti mmoja wa Bunge la Marekani ambao huwa nauleta darasani kwa sababu unajibu swali hili vizuri sana. Watafiti walijiuliza: familia fulani zinarudi bungeni kizazi baada ya kizazi kwa sababu zina vipaji, au kwa sababu zimewahi kushika madaraka? Wakalinganisha wabunge waliotetea viti vyao mara ya kwanza wakashinda kwa kura chache, na wengine waliotetea wakashindwa kwa kura chache. Watu wa makundi haya mawili kwa vipaji, elimu na familia wanafanana. Kilichowatenganisha ni kura kidogo, karibu na bahati tu. Walioshinda na kukaa muda mrefu zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na ndugu aliyeingia bungeni baadaye. Maana yake ni kwamba madaraka yenyewe yanazaa madaraka. Damu isingeweza kueleza tofauti hiyo.

Je, yanazaaje? Wajapani, ambao bunge lao limejaa watoto na wajukuu wa wabunge, husema mwanasiasa anahitaji vitu vitatu: ngome, jina na mkoba wa fedha. Mtoto wa mbunge anazaliwa navyo vyote vitatu. Mwaka 2009 waziri mkuu wa zamani Junichiro Koizumi alistaafu ubunge, na mwanawe Shinjiro akagombea kiti kilekile akashinda, ingawa chama chao kilipigwa vibaya nchi nzima mwaka huo. Ngome ni watu: mawakala, makatibu wa matawi, akina mama wa vikundi, wazee wanaosikilizwa. Kuujenga mtandao huo kutoka mwanzo ni kazi ya miaka kumi na fedha nyingi. Mtoto anaukuta umejengwa, tena mara nyingi umejengwa kwa nafasi ya umma, kwa ziara za kibunge, kwa miradi ya jimbo na kwa barua za utambulisho. Jina linafanya kazi ya pili. Mpiga kura ana shughuli zake, hana muda wa kuchunguza wagombea sita. Jina analolijua linamwondolea usumbufu wa kufikiri juu ya yale asiyoyajua. Simlaumu. Na fedha hazihitaji maelezo.

Kuna jambo la nne ambalo watu hawalitaji sana, nalo si la uovu: mtoto huyo amekua akisikiliza. Amekaa sebuleni wakati baba akipokea wageni, amejua mapema nani anaheshimiana na nani, kwa nini mradi fulani ulikwama, mjumbe anaudhika kwa lipi. Haya ni maarifa halisi ya kazi, na huwezi kumdharau mtu kwa kuwa nayo. Shida ni kwamba mwanafunzi wako, hata angekuwa na akili mara mbili, hana sebule hiyo.

Niseme pia juu ya hali ambayo urithi unakuwa wa hatari kweli, ili uweze kupima jimbo lako lipo umbali gani nayo. Kiongozi akiwa na nguvu kuliko chama na kuliko katiba, watu wanaomzunguka huanza kuogopa siku atakayoondoka. Wapambe, makamanda, wafanyabiashara waliokula naye: kila mmoja anamwogopa mwenzake. Mtoto anakuwa jibu rahisi. Siri anazijua, mali atazilinda, hakuna atakayefunguliwa kesi, na hawatalazimika kupigana wao kwa wao. Ndiyo maana urithi wa aina hii huambatana na kupindishwa kwa kanuni. Syria mwaka 2000, Hafez al-Assad alipofariki, katiba ilitaka rais awe na miaka 40. Mwanawe Bashar alikuwa na miaka 34. Katiba ilibadilishwa haraka, umri ukawa 34. Togo mwaka 2005, baada ya Gnassingbé Eyadéma kufariki akiwa madarakani tangu 1967, jeshi lilimweka mwanawe Faure, na bunge likabadilisha katiba baada ya tukio ili lionekane halali. Shinikizo la nchi za Afrika lilimlazimisha aachie kwanza na kupita kwenye uchaguzi, lakini kiti kilikuwa kimeshakuwa chake. Gabon ilitawaliwa na Omar Bongo tangu 1967 hadi alipofariki mwaka 2009, kisha na mwanawe Ali hadi jeshi lilipompindua Agosti 2023. Joseph Kabila alipokea Kongo mwaka 2001 akiwa na miaka 29, siku chache baada ya baba yake kuuawa.

Ukilinganisha na Tanzania Bara na Muungano, utaona kwamba tangu Nyerere hadi leo hakuna mtoto wa rais wa Muungano aliyekuwa rais wa Muungano. Watoto wa marais wamekuwa wabunge na mawaziri, ndiyo, lakini kwenye urais chama kimekuwa kikubwa kuliko nyumba ya mtu mmoja. Zanzibar mambo ni tofauti kidogo: Amani Abeid Karume, aliyeongoza kuanzia 2000 hadi 2010, ni mtoto wa rais wa kwanza wa visiwa hivyo, na Hussein Mwinyi, rais tangu 2020, ni mtoto wa Ali Hassan Mwinyi. Wote wawili, hata hivyo, waliwahi kuwa mawaziri kabla ya kugombea, na baba zao hawakuwa madarakani wa kuwakabidhi kiti: Mzee Karume aliuawa mwaka 1972, na Mzee Mwinyi aliondoka Ikulu mwaka 1995. Naliona jambo hilo kuwa na uzito. Mtoto anayemfuata baba moja kwa moja kwenye kiti kilekile, mtandao ukiwa bado wa moto, yuko katika hali tofauti na anayekuja miaka 25 baadaye. Mgombea wenu, Mwalimu, yuko kwenye hali hiyo ya kwanza.

Tuje kwenye shahada. Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo wasomi wengi wanapojikwaa. Sifa za kisheria za ubunge katika nchi nyingi zimewekwa chini kwa makusudi. Katiba ya Tanzania inataka mgombea awe raia, afikishe miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na apendekezwe na chama. Kenya inamtaka anayewania urais awe na shahada ya chuo kikuu. Waliotunga masharti mepesi ya ubunge hawakuwa wazembe. Walitaka hukumu ya nani anafaa ibaki kwa mpiga kura, isije ikawa mikononi mwa vyuo ambavyo mtoto wa maskini hafiki. Kwa hiyo mtu akikwambia kijana ana sifa zote za kisheria, amekwambia jambo dogo sana.

Na shahada ya nje je? Inaonyesha kwamba anaweza kusoma na kumaliza, na kwa mchumi inaweza kumsaidia kuchambua bajeti, jambo ambalo wabunge wengi hawaliwezi na linaligharimu taifa. Nampa alama hiyo bila kinyongo. Lakini Bashar al-Assad alisomea udaktari wa macho mpaka London. Cheti hakikueleza angefanya nini siku wananchi watakapomkosoa. Kwa upande mwingine yupo Lee Hsien Loong wa Singapore, mtoto wa mwasisi wa nchi, aliyefanya vizuri mno katika hisabati Cambridge. Aliingia bungeni mwaka 1984, akawa naibu waziri mkuu kwa miaka 14 kabla ya kuwa waziri mkuu mwaka 2004. Ukipima uwezo wa kazi huwezi kusema alibebwa tu. Na bado swali lako la mlango linabaki palepale hata kwake: wangapi walipewa nafasi ya kupimwa kwa muda huo wote? Elimu ya mtoto wa kiongozi, mara nyingi, ni sehemu ya urithi wenyewe. Ada ya nje ililipwa na mshahara na nafasi ya baba. Shahada isitumike kama ushahidi kwamba hakurithi kitu.

Kabla sijafika kwenye sheria, kuna upande mmoja ambao haki inanilazimu kuutaja. Kwa miongo mingi jina la familia lilikuwa karibu mlango pekee ambao mwanamke angeweza kupitia kufika juu. Sirimavo Bandaranaike wa Sri Lanka, mwanamke wa kwanza duniani kuwa waziri mkuu, aliingia mwaka 1960 baada ya mumewe kuuawa akiwa waziri mkuu. Indira Gandhi wa India alikuwa binti wa Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, na Benazir Bhutto wa Pakistan binti wa Zulfikar, aliyekuwa waziri mkuu kabla yake. Ukiifuta siasa ya familia yote kwa kalamu moja, unawafuta na hawa, katika jamii ambazo zisingempa nafasi binti wa mtu wa kawaida hata angekuwa bora kiasi gani. Lawama hapo naiweka kwa jamii zilizoacha mlango mmoja tu.

Rafiki yako wa kijiweni aliyesema kuna nchi zimepiga marufuku yuko sahihi, ila habari yake ni nusu. Katiba ya Ufilipino ya mwaka 1987 inasema wazi kwamba dola itapiga marufuku koo za kisiasa, kwa namna itakayofafanuliwa na sheria. Sheria hiyo ilipaswa kutungwa na bunge. Bunge limejaa watu wa koo hizohizo, na kwa kadiri ninavyofahamu kilichopatikana ni kipande kidogo tu, sheria ya mwaka 2015 inayowabana ndugu wa viongozi kwenye mabaraza ya vijana. Ukomo wa vipindi vitatu mfululizo nao ulizaa jambo ambalo watunga katiba hawakulikusudia: mbunge akimaliza vipindi vyake anamweka mke, kaka au mtoto akikalie kiti kwa muda, kisha anarudi.

Guatemala ilikwenda mbali zaidi. Katiba yake inawazuia ndugu wa karibu wa rais kugombea urais, na kizuizi hicho kinawagusa pia ndugu wa waliopindua serikali. Mwaka 2011 mke wa rais, Sandra Torres, aliachana na mumewe kisheria ili agombee, mahakama ikamkatalia. Mwaka 2019 Zury Ríos alizuiwa kwa sababu baba yake alichukua nchi kwa mapinduzi mwaka 1982. Sheria ilifanya kazi. Lakini itazame vizuri: inamwadhibu binti kwa kosa la baba, na haizuii rafiki, dereva wa zamani au mshirika wa biashara wa rais kuchukua kiti na kulinda mambo yaleyale. Mimi siungi mkono marufuku ya jumla. Haki ya kuchagua na kuchaguliwa ni ya kila raia, na mtoto hakumchagua baba yake.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya katikati, nayo inawekwa na vyama vyenyewe. Japani, chama cha Democratic kiliingia uchaguzi wa 2009 na msimamo wa kutompitisha ndugu wa karibu wa mbunge anayeondoka kurithi jimbo lilelile. Agombee, lakini kwingine, ambako baba hana mawakala. Hapo kipaji kinajitenga na urithi bila kumnyima mtu haki yake. Kwa nafasi za kuteuliwa hali ni nyingine, na huko sheria kali zina haki yake, kwa kuwa hakuna mpiga kura wa kusahihisha. Marekani ilitunga sheria mwaka 1967 ya kuwazuia viongozi wa serikali kuu kuwaajiri ndugu zao, miaka michache baada ya Rais Kennedy kumteua mdogo wake Robert kuwa mwanasheria mkuu. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo, kwenye sura ya uongozi na maadili, inataka maamuzi ya viongozi yasiongozwe na undugu wala upendeleo.

Basi mtampimaje? Anzeni na kura za maoni zilizompitisha, maana umeandika tu kwamba alipita kwa kishindo. Kishindo cha namna gani? Nani aliruhusiwa kuchukua fomu, na je kuna aliyeshauriwa aiache? Wajumbe walipiga kura kwa siri? Baba bado ni mwenyekiti au mlezi wa kikao chochote kilichojadili majina? Mwanafunzi wako alikuwamo, atakuwa na majibu ya kwanza, ingawa yeye ni mshindani na maneno yake muyathibitishe kwa wajumbe wengine. Haya yakikutwa safi, sehemu kubwa ya lawama juu ya kijana inaondoka, na wanaosema ufalme inawapasa wanyamaze.

Kisha mje kwa mgombea mwenyewe. Mimi ningetaka kujua amewahi kufanya kazi gani ambayo aliyemwajiri hakuwa rafiki wa baba, na aliiachaje. Ningemwuliza mbele ya watu: katika miaka 15 ya mzee wako, ni jambo gani halikwenda vizuri, na wewe utalifanyaje? Swali hili linafichua mengi. Anayelijibu kwa hoja, kwa heshima lakini bila kukwepa, ameonyesha kwamba anaweza kusimama peke yake. Anayesema kila kitu kilikuwa kizuri anawaambia kwamba mnamchagua baba kwa kipindi cha nne. Ulizeni pia nani anagharamia kampeni, kwa kuwa aliyelipa atadai. Na mtazameni anapoulizwa bila kuandaliwa, sokoni au kwenye mkutano mdogo, pasipo na mtu wa kumnong'oneza.

Maswali hayohayo muulize mwanafunzi wako. Najua unampenda, na nina furaha kwamba mwalimu anamfuatilia mtoto wake wa darasani mpaka huko. Lakini kutoka nyumba ya kawaida hakumfanyi mtu kuwa mbunge mzuri. Ushirika aliouongoza uliacha hesabu gani? Wakulima walilipwa kwa wakati? Alipokuwa diwani alisimamia nini mpaka mwisho? Yeye amewahi kupimwa mahali ambapo angeweza kushindwa, na hiyo ni faida kubwa kuliko shahada, ila iwapo vitabu vya ushirika vinamtetea. Na kuhama chama mara baada ya kushindwa kura za maoni nalo ni jambo la kumwuliza usoni. Huenda alidhulumiwa. Huenda hakukubali kushindwa.

Kuna mambo ambayo ushauri wa maandishi hautoshi. Kama mna ushahidi kwamba wajumbe walinunuliwa, fomu zilifichwa au sifa za mgombea zimeghushiwa, msibaki kulizungumza kijiweni. Malalamiko ya ndani ya chama yana ngazi zake za rufaa, na aliyedhulumiwa ndiye anayepaswa kuyapeleka kwa maandishi. Pingamizi dhidi ya mgombea aliyekwisha kuteuliwa hupelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi, na muda wake ni mfupi mno, wakati mwingine haufiki hata siku mbili tangu uteuzi. Hapo mtafuteni wakili mapema, kabla ya siku ya uteuzi, mkiwa na nyaraka na mashahidi waliokubali kutaja majina yao. Rushwa ipelekeni kwenye taasisi ya kupambana na rushwa, na mambo ya mali na mgongano wa maslahi ya mbunge anayeondoka kwa chombo kinachosimamia maadili ya viongozi wa umma. Wewe kama mwalimu, kwa kuwa huenda uko kwenye utumishi wa umma, soma kwanza kanuni za kazi yako kuhusu siasa, au muulize afisa utumishi, kabla hujaandaa mdahalo wa wagombea au kupanda jukwaani na yeyote kati yao. Mdahalo wenyewe ni wazo jema sana, na unaweza kusimamiwa na kamati ya wazee au asasi ya kiraia ya hapo kwenu, wewe ukabaki kuandika maswali.

Hofu uliyonayo ni ya mtu anayelipenda jimbo lake. Ukipata majibu ya kura za maoni zilivyoendeshwa, niandikie tena, kwa sababu hayo ndiyo yatakayoniwezesha kukwambia kama kijana huyu amerithi kiti au ameshindania.